Tone la mafuta na pedi ya mbele: kwa nini darubini za bunduki za kale za wadunguaji hulegea

Chukua tone moja la mafuta ya cherehani, liweke pale pedi ya chuma inayobeba kishikio cha darubini inapokutana na ubavu wa bunduki, kisha shika kishikio cha darubini ukisukume huku na huku kwa nguvu ya mkono tu. Usiitazame darubini. Tazama mafuta. Pedi ikiwa imeshika sawasawa, tone litatulia kama ulivyoliweka. Ikiwa imelegea, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, utaona mafuta yanavutwa ndani ya ufa na kutemwa nje, yanavutwa na kutemwa, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mbinu hii nilifundishwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mzee aliyekuwa akitafuta mahali mashine inapocheza kwenye kitako chake. Bunduki hakuwahi kuishika. Baadaye nikaja kuona wanaokarabati silaha za Vita vya Pili vya Dunia wanaitumia vilevile, kwa sababu ileile: chuma kilicholegea ni mwongo. Unakiona kitu kimoja kinacheza, kumbe kinachocheza ni kingine kilicho chini yake. Mwenye bunduki anakaza skrubu za juu, anakaza tena, anaongeza spana, mwisho skrubu inakatika, na kule chini ugonjwa uko palepale. Yeyote aliyemwona fundi wa bodaboda akikaza nati ya injini inayotikisika huku mpira wa chini umeshakwisha, anaijua hadithi hii.

Nitaegemea bunduki moja, Lee-Enfield No. 4 Mk I (T) ya Waingereza, kwa kuwa mfumo wake unaeleza karibu kila kitu. Wajerumani, Warusi na Wamarekani nitawagusa njiani, maana nao walikutana na shida hiyohiyo na kila mmoja akaijibu kivyake.

Mlolongo wa viungo

Mwaka 1942 kazi ya kuzigeuza No. 4 za kawaida ziwe za wadunguaji ilipewa kampuni ya Holland & Holland ya London. Wawindaji wa Kenya na Tanganyika walikuwa wakilijua jina hilo tangu zamani kwa risasi ya .375 iliyotoka mwaka 1912, ile ya nyati na tembo. Kampuni iliyozoea kuwatengenezea matajiri bunduki mojamoja ikaanza kuletewa za jeshi kwa maelfu. Hadi inamaliza kazi, ilikuwa imegeuza zaidi ya 23,000. Nyingi zilitoka kiwanda cha silaha cha BSA cha Shirley, Uingereza, zikachaguliwa kwa kuwa zilipojaribiwa zilipiga vizuri kuliko wenzake. Herufi T iliyogongwa ubavuni ni ya neno la Kiingereza la darubini.

Darubini yenyewe, No. 32, haikuanza maisha kwa ajili ya bunduki hii. Ilibuniwa kwa ajili ya bunduki ya rashasha ya Bren, ndiyo maana imejengwa nene na nzito kuliko unavyotarajia kwa kitu kinachokuza mara 3 tu. Pamoja na kishikio chake inakaribia kilo moja. Ukichungulia ndani unaona kijiti kilichosimama na waya mmoja wa mlalo.

Sasa fuata jinsi kilo hiyo moja inavyoshikwa. Kwenye ubavu wa kushoto wa mwili wa bunduki kuna pedi mbili za chuma, ya mbele na ya nyuma. Kila pedi imefungwa kwa skrubu ndogo na kulehemiwa kwa bati, na vichwa vya skrubu vikagongwa panchi ukingoni visije vikajizungusha. Juu ya pedi hizo kinakaa kishikio cha chuma cha kusubu, kinachobanwa na skrubu mbili kubwa za kuzungushwa kwa vidole. Kishikio kina pete mbili zenye vifuniko, nazo ndizo zinazoikumbatia darubini. Na ndani ya darubini kuna lenzi, waya na vidude vya kurekebishia lengo, navyo vina mchezo wake.

Viungo vinne basi: mwili na pedi, pedi na kishikio, pete na darubini, na matumbo ya darubini yenyewe. Kila kimoja kinaweza kulegea, na ukiwa nyuma ya lenzi vyote vinne vinaonekana sawa. Alama inahama. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Jambo jingine la kujua kabla hujashika bisibisi: vitu hivi ni ndugu wa damu. Namba ya bunduki imegongwa kwenye kishikio, na namba ya darubini imegongwa juu ya shingo ya kitako cha mbao. Sababu si urembo wa karani. Kishikio kilipangwa kwa bunduki ileile kikalingana na mtutu wake, na kukihamishia bunduki nyingine ni kama kuvaa meno ya bandia ya jirani. Yataingia mdomoni, lakini kutafuna ni shughuli nyingine.

Unene wa karatasi

Kwa nini mchezo usioonekana uwe jambo la kuhangaikia? Fanya hesabu. Tuchukulie sehemu mbili zinazoshika darubini zimeachana sentimita 10. Ya mbele ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, darubini imegeuka kwa sehemu moja ya elfu. Kwa umbali wa mita 100 hiyo ni sentimita 10. Kwa mita 400 ni sentimita 40: umelenga katikati ya debe na risasi imepita kando bila hata kuligusa.

Igeuze hesabu upande wa pili. Toleo la pili na la tatu la No. 32 hurekebishwa kwa hatua ndogo, kila mlio mmoja ukisogeza lengo karibu sentimita 3 kwa mita 100. Kwa vipimo vyetu, pedi ikisogea milimita 0.03 imeshakula mlio mzima. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hapo. Ndiyo maana kumwambia mtu "mbona imekaza tu, nimeitikisa haichezi" hakuna maana. Mkono haupimi vitu vya ukubwa huo. Mafuta yanapima.

Sasa ongeza teke. Risasi ya kijeshi ya .303, ile Mk VII ambayo babu zetu wa KAR, jeshi la wakoloni, waliijua vizuri, ina uzito wa gramu 11.3 na hutoka mtutuni kwa takribani mita 740 kwa sekunde. Kwa kulipa fadhila hiyo, bunduki yenye kilo 5 na ushee inasukumwa nyuma hadi kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, na yote yanatokea kwa muda usiofika sehemu mbili za elfu ya sekunde. Darubini haina habari. Yenyewe ilikuwa imekaa na inataka kuendelea kukaa. Kinachoilazimisha iondoke na bunduki ni vile viungo, na kwa hesabu yangu ya penseli mzigo unaopita hapo ni zaidi ya uzito wa kilo 100. Mifuko miwili ya saruji imewekwa na kuondolewa kabla hujapepesa jicho, kila ukifyatua.

Skrubu peke yake haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kazi ya skrubu ni kubana nyuso mbili zishikane, halafu msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba teke. Ile lehemu ya bati iliwekwa ili uso mzima wa pedi ushike uso mzima wa mwili. Lehemu ikipasuka, teke linahamia kwenye skrubu, nazo zinaanza kukatwa ubavuni kama muwa chini ya panga. Hazikatiki siku moja. Matundu yanageuka umbo la yai kidogokidogo, vichwa vinainuka, na pedi inaanza kupumua. Ya mbele ndiyo mgonjwa wa kawaida zaidi.

Vinavyoipasua

Kufyatua kwenyewe ni sababu moja. Ya pili ni ile ya kuvua na kuvalisha. Jeshini darubini haikukaa juu ya bunduki muda wote. Ilisafirishwa ndani ya kopo lake la chuma, ikafungwa inapohitajika. Miaka 80 ya kufungwa na kufunguliwa, mara nyingine na askari aliyetumia sarafu au koleo kuzungusha skrubu iliyokusudiwa vidole, inazila hesi. Hesi, kwa wasiozoea neno, ni yale meno ya mzunguko kwenye skrubu na ndani ya tundu lake.

Ya tatu inanikera, kwa kuwa hufanywa na watu wenye nia njema. Mkusanyaji ananunua bunduki iliyochujuka rangi, anaipeleka ikapakwe upya ule weusi wa buluu. Njia ya haraka ya kazi hiyo ni kuichemsha kwenye chumvi kali za magadi. Chumvi hizo moto zinaila lehemu ya bati. Bunduki inarudi inang'aa kama sufuria mpya, huku ndani ya ufa wa pedi lehemu imeliwa na chumvi imebaki imejificha. Baada ya miezi, ukungu mweupe unachungulia ukingoni mwa pedi, kisha kutu. Wenye bunduki za mitutu miwili ya kulehemiwa wanalijua janga hili muda mrefu. Kwa hiyo ukiona No. 4 (T) nyeusi kupita kiasi, shuku pedi zake kabla ya kuisifu.

Ya nne ni skrubu ya kigeni. Waingereza wa wakati ule walitumia kwa vitu vidogo mfumo wa hesi uitwao BA. Aliyewahi kufungua vifaa vya umeme vya Land Rover za zamani amekutana nao, akalaani. Skrubu za pedi ni za namba 4 ya mfumo huo: kipenyo milimita 3.6, hatua ya hesi (umbali wa jino hadi jino) milimita 0.66, na pembe ya meno nyuzi 47.5. M4 ya dukani ina kipenyo milimita 4, hatua 0.7, pembe nyuzi 60. Kwa macho zinafanana. Ukiisukuma M4 kwenye tundu la BA lililochakaa itaingia, tena itabana vizuri, na fundi atafurahi. Kilichobana ni meno mapya yaliyochongwa juu ya maiti ya meno ya zamani, yakigusana kwenye ncha tu. Mateke machache, imelegea tena, na safari hii hakuna hesi ya kurudia.

Wengine walifanyaje

Wajerumani ndio waliojifunza kwa uchungu zaidi. Kwenye bunduki zao za Mauser K98k walijaribu reli fupi ubavuni kushoto, iliyoshikwa kwa skrubu tatu. Zikalegea vitani. Wakaongeza skrubu ndogo za kuzuia pembezoni mwa vichwa vya zile kubwa, kisha wakaongeza pini mbili nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kabari za mviringo kwa maneno mengine, zilizogongwa kupita kwenye reli hadi mwilini. Mwaka 1944 wakaja na reli ndefu. Ukiishika mkononi reli fupi ya mwishomwisho, yenye vitobo na vidoti vyake vyote, unasoma barua za malalamiko kutoka mstari wa mbele bila kuhitaji mkalimani.

Wamarekani, walipoitengeneza bunduki ya M1C, walianza na pini tangu mwanzo: kishikio cha Griffin & Howe wa New York kimeshikwa na skrubu tatu na pini mbili za aina hiyohiyo ya kabari. Pini inabeba teke, skrubu inabana. Kila kimoja na kazi yake. M1D ikakwepa kabisa kutoboa mwili wa bunduki, darubini ikashikwa kwenye mtutu. M1903A4 ina maradhi tofauti. Pete yake ya mbele huingia kama ufunguo kwenye kitasa na kuzungushwa robo duara, na nyuma kuna skrubu mbili zinazobana kutoka kushoto na kulia. Kila anayeivua na kuirudisha pete ile ya mbele anaisaga kidogo.

Mosin-Nagant ya Warusi yenye darubini ya PU hushikwa na msingi wa pembeni wenye skrubu mbili kubwa, kila moja na kaskrubu ka kuizuia. Kishikio kinaegemea mbele juu ya kichwa cha mviringo kama gololi, na nyuma kinashikwa kati ya skrubu mbili, ya juu na ya chini, ambazo ndizo zinazoinua na kushusha. Hapo kulegea mara nyingi ni skrubu moja imekazwa na mwenzake imesahauliwa. Baada ya vita Warusi walivua darubini nyingi, wakaziba matundu na kuyachomelea, bunduki zikarudi kuwa za kawaida. Anayeifufua moja ya hizo leo anatoboa juu ya chuma kilichochomelewa, na tundu linakwenda linakotaka.

Kutafuta kabla ya kukaza

Bunduki iwe tupu. Toa magazini, vuta bolti, chungulia chumba cha risasi, ingiza kidole cha mwisho. Fanya hivyo hata kama uliitazama jana.

Ishike kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao au ngozi mdomoni, elekeza darubini kwenye alama ukutani, ikae juu kabisa ya ncha ya kijiti. Sasa gonga kidogo kishikio kwa mpini wa bisibisi, upande mmoja kisha wa pili, ukichungulia. Kijiti kikihama na kisirudi, una mchezo mahali fulani. Kisipohama hata chembe, na bado bunduki inatawanya matundu kwenye karatasi, basi acha darubini kwa amani. Kaangalie skrubu kuu iliyo mbele ya kinga ya kifyatulio, mbao zilizosinyaa zikaacha kuegemea mtutu ipasavyo, au mdomo wa mtutu uliolika kwa fimbo za kusafishia. Nusu ya "vishikio vibovu" ninavyosikia habari zake huishia hapo.

Kikihama, panda ngazi moja moja ukianzia chini, kinyume na hamu yako. Vua darubini pamoja na kishikio chake. Weka mafuta kwenye ukingo wa kila pedi, gonga, tazama. Pedi zikiwa salama, zifute, zipake wino wa buluu wa mafundi, utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo, rudisha kishikio, kaza, vua tena. Wino uliohamia kwenye kishikio unakuonyesha ramani ya mahali chuma kinapogusa chuma. Duara zima lenye rangi ni habari njema. Mwezi mwandamo upande mmoja maana yake kishikio kimekaa juu ya ukingo, kinayumba kama meza ya mgahawa, na hakuna kukaza kutakakolitibu hilo.

Ngazi ya tatu ni pete. Angalia kama darubini ina mstari mng'avu uliochubuka mbele au nyuma ya pete, dalili kwamba inateleza kila teke. Vifuniko vya pete vina mahali pake na upande wake, hivyo kabla hujavifungua vitie alama ya penseli. Na watu wakishavichanganya, huja kuziba nafasi kwa vipande vya kopo la soda. Nimekuta hivyo, tena vipande vitatu vilivyopandana, chapa ya soda bado inasomeka.

Ngazi ya nne, matumbo ya darubini, usiifungue. Kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo tu, na lenzi za miaka ya 1940 zilizobandikwa kwa gundi ya utomvu hazisamehe joto wala viyeyusho.

Kuishika pedi upya

Tuseme mafuta yamepumua. Pedi ya mbele imelegea. Kwanza noa bisibisi. Ya kawaida ina ncha ya kabari, nayo inasimama kwenye midomo ya ufa wa skrubu na kuirarua. Itengeneze kwa tupa na jiwe la mafuta hadi iingie ikiwa na kuta wima, ijaze ufa wote kwa urefu na kwa upana, isiwe na nafasi ya kutikisika. Dakika ishirini za kunoa zinaokoa skrubu za mwaka 1943.

Skrubu zimegongwa panchi ukingoni, kwa hiyo zitakataa. Usilazimishe. Pasha joto kwa pole, weka mafuta ya kupenya, subiri hadi kesho. Ikigoma bado, ondoa lile jino la panchi kwa kichongeo kidogo. Zikitoka zote, pedi nayo inaweza kubaki imeng'ang'ania kwa lehemu ya upande mmoja. Ni joto tena. Lehemu ya bati na risasi, sitini kwa arobaini, huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190 za Selsiasi. (Kiswahili kinatuchezea hapa: risasi ya lehemu na risasi ya bunduki ni neno moja, na kwa kweli ni madini yaleyale.)

Joto hilo dogo halikidhuru chuma. Kinachoogopwa ni mtu anayesema, "Hiyo tunaichomelea tu, haitalegea maisha." Bolti ya Lee-Enfield hujifungia nyuma, tofauti na Mauser inayojifungia mbele. Ina maana sehemu za mwili zilizokomazwa kwa moto ili kuhimili mshindo ziko nyuma, ujirani wa pedi ya nyuma. Kuchomelea hapo ni kulainisha kile kinachozuia bolti isije usoni kwako. Sijui namna ya kulisema kwa upole.

Nyuso mbili zikiwa wazi, zisafishe hadi chuma kiwe na rangi ya fedha. Bunduki imekunywa mafuta miaka themanini. Asetoni, futa, pasha kidogo, mafuta mengine yatatoka jasho, futa tena. Rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Bati halishiki juu ya mafuta, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Kisha pakaza kila uso dawa ya kulehemia na bati jembamba, futa likiwa bado la moto ibaki ngozi tu. Rudisha pedi, ingiza skrubu bila kuzikaza, pasha moto hadi uone mstari wa bati unang'aa ukingoni pote, na hapohapo kaza skrubu. Bati la ziada litajikamua nje. Usimwage maji. Iache ipoe yenyewe huku wewe unakunywa chai. Ikipoa, osha ile dawa ya kulehemia kwa maji moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Dawa hiyo ni ya tindikali. Ikiachwa inafanya kazi ileile ya zile chumvi za magadi.

Kama matundu yameshakuwa mayai, hapo ni kwa mkereza. Anakereza skrubu nene kidogo, yenye pembe ya BA, kwa kufuata tundu moja moja. Urefu wake upimwe mara mbili: ncha ikichomoza ndani ya mwili, bolti itaikwaruza au itakwama. Wengine siku hizi huacha lehemu na kutumia gundi ya hesi pamoja na gundi kali ya chuma chini ya pedi. Kwa bunduki itakayokaa kabatini naielewa hoja yao, kwani gundi huondoka bila kuacha kovu. Kwa itakayofyatuliwa, mimi bado ni mtu wa bati.

Kishikio kisichokaa sawa juu ya pedi kinapatanishwa kwa wino ule wa buluu na jiwe la kunolea: paka, bana, vua, sugua palipokoza rangi, paka tena. Kinachosuguliwa ni kishikio, kidogo mno kwa kila mzunguko. Pedi usiiguse, kwa kuwa ndiyo iliyopangwa na mtutu, na ukiitupa nje ya mstari wake utakuwa umeipoteza bunduki nzima ili kuokoa kishikio.

Mwisho wa kazi rudi kwenye jiliwa na ile alama ya ukutani. Vua kishikio, kirudishe, chungulia. Mara kumi. Kijiti kikirudi palepale mara kumi, nenda kwenye uwanja wa shabaha na risasi chache, piga tano, vua, rudisha, piga tano nyingine kwenye karatasi ileile. Makundi mawili ya matundu yakilaliana, umemaliza. Yakisimama mbali yakitazamana, kuna ngazi uliyoiruka, na mara nyingi ni ile ya wino.

Skrubu za zamani, hata zilizokatika kichwa, zitie kwenye bahasha, andika juu yake namba ya bunduki na tarehe, uiweke ndani ya sanduku lake. Fundi atakayeifungua tena baada ya miaka mingine arobaini atataka kujua ulichokikuta humo.